Mlango wa Kabati la Unga

Mimi nimezaliwa Morogoro, mjini kabisa, na maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya ndoo. Bahari niliiona nikiwa na miaka kumi na tisa. Chombo kikubwa nilichowahi kupanda kabla ya kuhamia Kanada kilikuwa pantoni ya Kigamboni, dakika chache tu, nimeshikilia begi langu kwa mikono miwili na kumwomba Mungu. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikatumia Jumamosi zangu za karibu miaka mitatu kukwangua kutu kwenye meli ya vita, huwa nacheka kwanza. Hata mimi sikujipangia.

Ofisi ndiyo iliyoanza. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni ya bima, kutwa nasoma madai ya watu waliogongana barabarani, na kila mwaka wakubwa wetu walikuwa na siku moja ya kututoa tukafanye kazi ya kujitolea. Mnavalishwa fulana za rangi moja kama watoto wa chekechea, mnapigwa picha, mnarudishwa. Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, tukapelekwa ziwani kwenye meli ya zamani iliyogeuzwa makumbusho. Ilikuwa imefungwa kwa matengenezo makubwa na ilihitaji watu wa kukwangua rangi. Nilikwenda nimenuna, maana fulana niliyopewa ilinibana na picha ilikuwa lazima.

Tuliposhuka kwenye basi la kukodi nikanyanyua kichwa, na kununa kukaniishia. Sijui nilitegemea nini, labda kitu kama picha za kwenye kalenda. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa chuma wa kijivu ulioanzia majini ukapanda mpaka shingo ikauma, mrefu kuliko jengo letu la ghorofa likilazwa chini, na mizinga imenyooshwa kuelekea maghorofa ya mabenki kana kwamba vita havijaisha. Halafu kitu chote kile kilikuwa kinapumua. Kilipanda kidogo na kushuka kidogo, na kamba zake nene zikilalamika. Niliogopa, na papo hapo nikaipenda meli ile. Mpaka leo sijaelewa vitu viwili hivyo vilikaaje ndani yangu kwa pamoja.

Msimamizi wa waliojitolea alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, baharia mstaafu. Sikio lake moja lilikufa kwa kelele za injini alizozihudumia ujanani, kwa hiyo kila kitu alikisema kwa kupayuka. Huku watu huitana kwa majina tu, kijana na mzee sawasawa, lakini mdomo wangu ulikataa kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina lake kavukavu. Nikamwita kwa lile neno la heshima wanaloitwa maofisa, akanijia juu: yeye hakuwahi kuwa ofisa, yeye alikuwa anafanya kazi. Basi nikamwita Bosi, akaridhika.

Bosi akanipa kikwangulio, miwani ya plastiki na barakoa, akanionyesha kona moja ya ukuta karibu na ngazi. Nikakwangua kijivu. Chini yake kukawa na kijivu kingine, kilichopauka. Chini yake buluu, na chini ya buluu kijani cha ganda la ndizi mbichi, kisha nyekundu ya kuzuia kutu, kisha chuma chenyewe. Bosi alikuja akainama akanisomea ile kona kama mtu anayesoma gazeti: hapa ilikuwa bandarini wakati wa amani, hapa ilikuwa bahari ya kaskazini na waliipaka rangi ya ukungu ili adui asiione, na hapa chini kabisa ni siku ilipozaliwa. Unene wote huo haukuzidi ukucha wangu. Niliweka kidole kwenye chuma kile cha chini na nywele zikanisimama. Mtu wa mwisho kukigusa alikuwa fundi wa kiwandani kabla mama yangu hajazaliwa.

Saa tisa wenzangu walivua fulana zao na kurudi mjini. Mimi nilirudi Jumamosi iliyofuata, peke yangu, na kofia yangu mwenyewe.

Kutoka kwetu Dixon Road, karibu na uwanja wa ndege, ni basi, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha tramu, saa nzima na robo ukibahatika. Nilikuwa naondoka asubuhi ndege za kwanza zikipita juu ya paa kwenda kutua, na baba watoto akinisindikiza mlangoni kwa maneno.

"Sufuria zako zimelala kwenye sinki toka jana, halafu unakwenda kusugua za serikali."

"Na wewe una mikono," nilimjibu.

"Hivi wanakulipa shilingi ngapi?"

"Wananipa chai."

Alicheka mpaka akakohoa. Ila nasema ukweli, baada ya mwezi alikuwa ameshazoea kuosha vyombo Jumamosi.

Mwaka wa kwanza wote nilifanya kazi za nje na za kwenye vyumba vya mabaharia. Sitamaliza nikisema yote yaliyonishangaza mle. Kilichoniduwaza kuliko mizinga ni sehemu ya kulala. Kuna chumba kimoja mbele ya meli, nilikipima kwa hatua: kilikuwa sebule yangu na jiko langu pamoja na korido kidogo. Bosi akaniambia mle walikuwa wanaishi watu hamsini. Walikula mle, walifua mle, na usiku walitundika vitanda vya turubai kwenye ndoano za darini, bega kwa bega, na kila mmoja alikuwa na upana wa mkeka wa kuswalia tu. Nikauliza wakubwa wao walikuwa na umri gani. Akasema mkubwa aliyewasimamia alikuwa na ishirini na nne, na wengine walidanganya umri kwa sababu hawajafika kumi na nane. Nilikaa chini juu ya kisanduku. Kwetu kijana wa miaka kumi na saba bado anaulizwa kama amekula.

Siku nyingine, wakati wa chai ya saa nne, Bosi alizima taa za chini kusudi, akatuambia tusikilize. Tulikuwa watu sita gizani na vikombe mkononi. Sikusikia kitu mwanzoni. Kisha nikasikia maji yanapita upande wa pili wa ukuta, karibu na sikio langu, na nikaelewa kwamba kati ya watu wale hamsini na bahari kulikuwa na bati lenye unene wa kidole. Hakuna aliyemaliza chai yake.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili nilikohoa wiki tatu mfululizo, maana meli ile haina joto na chuma kinahifadhi baridi kwa uchoyo. Bosi akaniondoa sitahani akanihamishia jikoni, ambako walikuwa na kipasha joto cha umeme.

Hapo ndipo moyo wangu ulipotekwa kabisa. Mimi nimepika kwenye shughuli. Najua pilau la watu mia mbili ni nini, najua mwiko unaoshikwa kwa mikono miwili na moshi unaotoa machozi. Lakini mimi nilipika ardhi ikiwa imetulia. Pale jikoni kulikuwa na jiko refu la chuma, na juu yake fito za chuma zilizopigiliwa kwa ubavu na kwa urefu, kila sufuria na kijumba chake, ili meli ikiinama sufuria zisiruke. Kulikuwa na mkanda wa ngozi ukutani wa kumfunga mpishi mwenyewe. Tanuri la mikate lilikuwa na komeo kama la mlango wa jela. Nilisimama mbele ya jiko lile nikayumbisha miguu, nikajaribu kuwaza ninavyokoroga uji wa watu mia mbili huku sakafu inakuwa ukuta na ukuta unakuwa sakafu, na adui yuko mahali fulani chini ya maji. Mpishi yule alikuwa ananishinda kwa kila kitu. Nilimwonea fahari mtu nisiyemjua.

Jumamosi ya kwanza Bosi aliniambia ning'arishe bomba za shaba tu. Nikang'arisha. Jumamosi ya pili akaniambia vilevile, na bomba zilikuwa zinang'aa tayari. Nikasugua tena ili mtu asiseme.

Sasa ngoja nieleze jambo ambalo Bosi hakulijua na mimi sikufikiri lahitaji kuelezwa. Kwetu mwanamke akiingia kwenye jiko la wenzake, iwe msiba au harusi, hasubiri kupangiwa. Anakunja khanga kiunoni, anatafuta kilicho kichafu, anasugua. Anayeuliza "nifanye nini?" anaonekana amekuja kula. Na sufuria haioshwi ndani tu. Inasuguliwa na nje, na kitako chake, mpaka ujione. Mama yangu alikuwa anapindua sufuria za watu kuangalia matako yake kabla hajaamua kama mwenye nyumba ni mtu wa maana. Tena wahenga walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumamosi ya tatu jembe sikupewa, nikalichukua mwenyewe.

Bosi alikuwa kwenye chumba cha mitambo na mafundi wa kuchomelea. Mimi nilikuwa nimekuja na masugio ya waya kutoka nyumbani na sabuni ya vyombo. Nilianza na birika, nikaenda kwenye trei za mikate, nikaosha meza, nikapanda juu ya kiti nikaosha rafu. Kisha nikafungua kabati la unga, kabati la chuma lililojengewa ukutani. Mlango wake kwa ndani ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, umeingia mafuta na alama za vidole, na katikati yake mtu alikuwa amechora kwa penseli. Vijiti, vitano vitano, mistari mingi, na pembeni maneno mafupi ya mwandiko uliolala: siku, magunia, idadi ya mikate. Chini kabisa aliandika kwamba hamira inatosha mpaka Ijumaa.

Nilijua moja kwa moja ni nini. Watoto wa shule! Kabla ya matengenezo walikuwa wanaletwa kwa mabasi, na nilishakuta majina yao kwenye kuta za chooni. Nikasonya. Nikasema hawa watoto wa huku hawafunzwi adabu, wanaandika hata ndani ya kabati la chakula. Nikalowesha sugio langu nikasugua ule mlango kwa hasira nzuri, ile hasira ya mtu aliye upande wa haki, mpaka ukawa mweupe kama yai. Nusu saa nzima. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Bosi aliingia karibu na saa sita. Akaona birika, akatabasamu. Akaona trei, akakunja uso kidogo. Kisha akaona mlango wa kabati ulio wazi unakauka.

Mtu yule hakuwahi kusema kwa sauti ya chini toka nimfahamu. Siku hiyo alinong'ona. "Yako wapi maandishi?"

"Nimeyafuta," nilisema. "Watoto wameandika ovyo."

Akakaa kwenye meza niliyotoka kuisafisha. Akaniambia, bado kwa mnong'ono, kwamba yale hayakuwa ya watoto. Yaliandikwa na mpishi wa meli ile wakati wa vita. Siku zote yalikuwa yamefunikwa kwa kioo na kibao cha maelezo, lakini mafundi walifungua vyote viwili wakati wa matengenezo, vikawekwa stoo. Kila mtu alijua. Alidhani na mimi najua.

Mama yangu alikuwa akiniambia kila siku kwamba hasira ni hasara, na mimi kila siku nilikuwa nachukua hasara. Badala ya kuomba radhi nilimwakia. Nilimwambia angenionya. Nilimwambia kitu cha thamani hakiachwi wazi bila hata karatasi, wala mwanamke haachwi jikoni wiki tatu na bomba mbili. Nilisema mengi. Alinisikiliza kwa sikio lake moja mpaka nikaishiwa.

Ndipo akanieleza habari za binti.

Yule mpishi alikufa kwenye meli hiyohiyo. Usiku wa dhoruba alitoka jikoni na chungu cha supu kuwapelekea walinzi, wimbi likapanda sitahani likamchukua. Hana kaburi. Mkewe alikuwa mjamzito, akazaa mtoto wa kike miezi minne baadaye. Barua za mpishi zilipotea familia ilipohama nyumba. Mtoto yule sasa ni mwanamke wa karibu miaka sabini anayeishi Pickering, mji wa jirani, na tangu meli iwe makumbusho alikuwa anakuja kila mwaka siku moja, anashuka jikoni, anasimama mbele ya kabati la unga, anaondoka. Meli ilikuwa imefungwa miaka miwili. Alikuwa ameshapiga simu mara nne kuuliza lini itafunguliwa, na alikuwa ameahidiwa kuingia kabla ya watu wote, majira ya kuchipua.

Niliteremka mpaka sakafuni nikakaa hapo na sugio mkononi. Mimi nilikuwa nimemzika baba wa mtu mara ya pili.

Bosi alikuwa mtu mwema. Alisema atamwambia yeye. Atasema mafundi wa kuchomelea walipitisha moto karibu, rangi ikaungua. Picha zipo, ataandaliwa moja nzuri kwenye fremu. "Nenda nyumbani," alisema. "Hukujua."

Nilikwenda nyumbani, na Jumamosi mbili sikurudi. Nilimweleza baba watoto yote. Hakutania.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Huyo mzee amekupa njia, ishike. Wewe si voluntia tu? Huna mkataba nao."

Na mimi niliitaka njia hiyo, nisijifanye mtakatifu. Niliitaka sana. Nilikuwa nakaa kazini, mbele yangu dai la mtu aliyegonga gari la mwenzake akakimbia, na naona jina langu pale juu. Wiki ya pili nikiwa nakuna nazi ya wali nilisimama ghafla. Nilimwaza yule mama akiambiwa habari za mafundi. Angerudi Pickering amchukie mtu ambaye hayupo. Angemtafuta moyoni mwake na asimpate, kama ambavyo hakumpata baba yake. Nikasema hapana. Hilo nalo nisimfanyie.

Jumamosi ya tatu nilirudi. Nikamwambia Bosi nitasema mwenyewe. Akanipa kikwangulio, tukafanya kazi mpaka barafu ya ziwani ikayeyuka bila kulizungumza tena.

Binti wa mpishi alikuja Jumamosi moja ya Mei, siku ya mvua nyepesi. Nilimtarajia mtu mkubwa, sijui kwa nini. Alikuwa mfupi, amevaa koti la mvua la njano na viatu vya raba, na mkononi alikuwa na kopo la biskuti alizooka mwenyewe. Alizileta kwa ajili yetu, watu tuliokuwa tunatunza meli. Akatupitishia mmoja mmoja pale sitahani. Alipofika kwangu alishika mkono wangu akanishukuru, akasema amesikia kuna mwanamke amefanya kazi jikoni, na kwamba amefurahi kwa sababu wanaume hawajui jiko. Biskuti ile niliishika. Sikuweza kuitia mdomoni.

Bosi akasema, "Huyu atakuteremsha." Akabaki juu.

Tulishuka. Ngazi za meli ile ni kali, watu wengi huzishuka kwa kutazama mbele na kugonga kichwa. Yeye aligeuka akashuka kinyumenyume, mkono kwa mkono, kama baharia. Tulipofika jikoni nilitangulia nikasimama kati yake na kabati. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba kwenye treni, Kiingereza safi kabisa. Yote ilinitoka. Nikamwambia tu: maandishi ya baba yako hayapo. Nimeyafuta mimi, kwa sabuni na waya. Nilidhani ni ya watoto. Hakuna aliyenituma na hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Nikasogea, nikafungua mlango, ajionee.

Hakulia wala hakupiga kelele. Uso wake ulifanya kitu kimoja tu, ulizeeka. Aliutazama mlango mweupe ule, juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha na halioni. Kisha akageuka, akapanda ngazi.

Nilimwona kupitia dirisha la duara. Alikwenda akakaa kwenye chuma cha kufungia kamba pale gatini, mvuani, akaelekeza uso ziwani. Bosi alimletea mwavuli, akaukataa kwa mkono. Nilikaa jikoni nikihesabu ndoano za ukutani. Nililia, ndiyo. Niliwaza kuchukua begi langu nitokee mlango wa nyuma, na nikakumbuka kwamba meli haina mlango wa nyuma.

Ilipita labda nusu saa. Nikasikia viatu vya raba kwenye ngazi, vikishuka polepole.

Alisimama mlangoni. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye koti. "Ulisugua muda gani?" aliuliza.

"Nusu saa."

"Yote hiyo?"

"Hayakutaka kutoka," nilisema. "Alikandamiza sana penseli."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama nimempa habari ya mtu anayemfahamu. "Picha ninazo," alisema. "Ninazo nyingi. Kila neno nalijua." Akaja karibu. "Lakini kulikuwa na kile kioo. Nilikuja hapa mara kumi na nane. Niliwaomba wanifungulie niguse, mara moja tu, wakasema kidole kina mafuta, kitaharibu. Walikuwa na haki. Mimi sikuwahi kugusa kitu alichogusa yeye. Kamwe. Hakuna hata kijiko."

Nilikuwa nimeshika pindo la aproni.

"Wewe uligusa," alisema. "Mkono upi?"

Nikautoa wa kulia. Ulikuwa na rangi ya kijivu kwenye kucha. Aliupokea kwa mikono yake miwili iliyolowa. Akaugeuza, kiganja juu, akakiangalia kwa makini sana. Kisha akafumba macho, akaupeleka shavuni mwake, akaubana hapo.

Mikono yake ilikuwa baridi na shavu lake lilikuwa la moto. Niliacha mkono wangu pale kwa muda wote alioutaka.